Ufunguo Niliomwachia Ami

Kwetu Kariakoo duka lina funguo za aina mbili: zile anazotembea nazo mwenye duka, na zile zinazokaa kwa jirani. Mwenye duka anaweza kuugua, kufiwa, kukwama kwenye foleni ya Jangwani, au kuzisahau nyumbani juu ya friji kama baba yangu anavyofanya kila baada ya wiki mbili. Jirani yupo tu. Za kwetu zilikaa ng'ambo ya barabara, kwenye duka la mashuka na mapazia la mzee mmoja ambaye tangu nipate akili namwita Ami, kama wanavyomwita watoto wa kaka zake. Sisi ni Wachaga, yeye babu zake walitoka Arabuni. Undugu wetu ni upana wa barabara moja. Nilikaribia kuuvunja undugu huo kwa sababu ya programu za kompyuta, na naandika haya nikiwa bado naona aibu kidogo, ingawa si sana.

Funguo zile zilikuwa na msimu wake. Ikifika katikati ya Desemba, Wachaga wa Kariakoo wanakwenda nyumbani, na mtaa mzima unajua. Baba hupanda basi kwenda Moshi kumwona bibi, yaani mama yake mzazi, ambaye kwa umri aliofikia hakuna mwaka wa kubahatisha. Mimi na mama hufuata siku mbili tatu baadaye. Ami ndiye anayebaki. Anafungua duka letu asubuhi, anaangalia kama bomba la ghorofani halijavuja juu ya mzigo, akitokea mteja wa mikoani anamhudumia, kisha anafunga. Siku za Idi baba humrudishia zamu. Hakuna aliyewahi kumwandikia mwenzake karatasi.

Mimi nakaa kaunta. Tunauza vyombo kwa jumla: sufuria, masinia, hotpoti, chupa za chai. Kati ya mteja na mteja nafanya kazi nyingine, isiyo na mshahara, ambayo mama alishajaribu kuieleza kanisani akashindwa. Kwenye mtandao kuna mkusanyo mkubwa wa programu huria, yaani programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifumua na kuona zilivyoshonwa ndani. Watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia huzipanga humo, kila moja ndani ya kifurushi chake, ili mtu aandike amri moja tu na kompyuta yake iichukue na kuisimika. Mimi ni mmoja wa hao wapangaji. Nikisema natengeneza vifurushi, watu wa Kariakoo wananiuliza kama ni vya wiki au vya mwezi, na vina GB ngapi.

Niliingia huko kwa hasira. Nilikuwa natafuta programu ya kufunga mafaili, ile ambayo faili likishapita ndani yake linageuka vurugu ya herufi mpaka mwenye neno la siri alifungue. Mkusanyo mzima ule, wenye hadi programu ya kuchora paka, haukuwa nayo. Nikaandika kulalamika. Nikajibiwa kwa adabu kwamba kama naihitaji hivyo, niilete mwenyewe. Mtu wa duka ukimwambia lete, analeta. Nilihangaika siku tatu kuandika maelekezo yake: msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, unachukuliwa wapi, unajengwaje, unajaribiwaje, na alama yake ni ipi. Maana kila faili lina alama, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, alama yote inakuwa nyingine. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu. Baba yangu hajawahi kupokea katoni ambayo utepe wake umebandikwa upya, hata muuzaji aape kwa mbingu na ardhi. Nilikuwa nimekuta kazi ya nyumbani kwetu imevaa suti.

Baada ya hiyo nikaleta nyingine. Nikaleta ya kutunzia maneno ya siri, nikaleta ya kuhakiki sahihi, nikaleta moja inayokagua kompyuta na kukuambia kwa ukali madirisha yote uliyoyaacha wazi. Mwaka haujaisha, rafu yote ya makufuli na ulinzi kwenye mkusanyo ule ilikuwa kama yangu, na wakubwa wa huko wakaniomba niwe miongoni mwa wanaotia sahihi. Hiyo ni heshima kubwa. Sahihi yenyewe hutiwa kwa ufunguo, ambao ni faili tu, lakini kifurushi chochote kikishapigwa sahihi kwa ufunguo huo, kompyuta za watu huko duniani zinakipokea bila kuuliza swali. Kwa hiyo kabla hujapewa ruhusa unajaza fomu, na fomu inataka kujua unautunzaje ufunguo wako, na nakala ya akiba umeiweka wapi.

Nilitengeneza ufunguo wangu Jumamosi asubuhi, hapohapo kaunta. Nikaweka nakala kwenye flashi, nikavuka barabara. Niseme ukweli, sikufikiri hata kidogo. Miguu ilijipeleka yenyewe.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Baba kasahau funguo tena?"

"Hapana. Leo nimekuletea wa kwangu."

Akaipokea ile flashi, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia. "Huu unafungua nini?"

"Kazi yangu ya kwenye kompyuta. Ukipotea wa kwangu, nitakuja kuuchukua huu."

"Nao una kasoro yoyote?"

Lilikuwa swali la haki. Kufuli letu la chini huwezi kulifungua mpaka ulinyanyue kidogo huku unazungusha, na kasoro hiyo Ami aliirithi pamoja na funguo. Nikamwambia huu nao una neno la siri, ila asihangaike, nimemwandikia. Na kweli nilikuwa nimemwandikia, kwa herufi kubwa, kwenye kikaratasi nilichokizungushia flashi na kukifunga kwa raba. Akaiweka kwenye droo, kando ya funguo za duka letu, akaniuliza kama mama amepona mafua.

Nikarudi kujaza fomu. Mficha uchi hazai, nikaandika kila kitu: nakala iko kwa jirani, ng'ambo ya barabara, mtu mwaminifu sana, anafungua saa mbili asubuhi, isipokuwa Ijumaa mchana anakwenda kuswali.

Aliyekuwa akizikagua fomu zetu alikuwa mama mmoja wa nchi ya baridi ambaye tulikuwa tumeshaandikiana mara nyingi, mpole, mwenye subira ya mwalimu wa chekechea. Aliniuliza swali moja tu: je, huyo jirani anaweza kuufungua ufunguo wangu bila mimi? Nikamjibu kwa fahari kwamba bila shaka, neno la siri analo, nimemwandikia mwenyewe. Zikapita siku mbili. Kisha yakaja maneno matano: tafadhali usitie sahihi kitu chochote.

Nilikasirika mpaka nikamuuzia mteja masinia ya ukubwa sio. Nikamwandikia yule mama barua ndefu ya kumweleza jirani ni nini, kwamba labda huko kwao wanaishi kila mtu na ua lake na mbwa wake, lakini sisi huku jirani ni ndugu. Namshukuru Mungu sikuituma. Kwa sababu nilipotulia nikaona ana haki. Ami simwogopi. Lakini droo ya Ami haina hata kitasa cha maana, na anayeipata ile flashi na kile kikaratasi anaweza kutia sahihi kwa jina langu, na uchafu wake ukaingia kwenye kompyuta za hospitali, za shule, za watu ambao hawajawahi kunisikia. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama. Nikaubatilisha ule ufunguo, nikatengeneza mwingine, na nikaahidi kwa maandishi kwamba nakala ya zamani nitairudisha mikononi mwangu.

Ningeweza kumwachia tu. Ulikuwa umeshakufa, haufungui chochote. Lakini nilikuwa na bidii ya mtu aliyetoka kukemewa, na mtu wa namna hiyo ni hatari.

"Ami, nimekuja kuchukua ile flashi."

"Umeupoteza wako?"

"Hapana. Wamesema hairuhusiwi kukaa kwa mtu mwingine."

"Wamesema nani?"

"Wenzangu wa kwenye mtandao."

"Wananijua?"

"Hawakujui, Ami."

"Sasa wamejuaje kama sifai?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza ufunguo, nilieleza sahihi, nilieleza wezi wa nchi za mbali, nikataja na hospitali. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kumweka Ami kwenye kundi moja na wale wezi, nami nikajisikia nikifanya hivyo na sikujua pa kuishia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua droo, akanipa flashi na kikaratasi chake kama nilivyovifunga. Kisha akachukua funguo za duka letu, zote tatu na kamba yake, akaziweka juu ya flashi kwenye kiganja changu.

"Chukua na hizi," alisema. "Wasije wakasema."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua la kufanya, maana kwetu ukali ndiyo lugha ya nyumbani. Alisema kwa upole, akageuka kumhudumia mteja wa mapazia.

Baba alipoziona zile funguo kaunta alidhani ni zake, amezisahau tena. Nilipomsimulia alikaa chini juu ya katoni ya chupa za chai, jambo ambalo anamkataza kila mtu.

"Aisee. Umemnyang'anya mzee funguo?"

"Sijamnyang'anya, kanirudishia."

"Kanirudishia! Huyu bwana amezaa, amezika, amehiji, na funguo zangu ziko kwake. Wewe umempokonya kwa ajili ya watu wa kwenye simu?"

"Kwenye kompyuta, Baba."

Hilo la kompyuta ningelimeza tu. Akavuka barabara mwenyewe kwenda kuweka mambo sawa. Nilimwona kwa mbali akikaribishwa kiti, akiletewa kahawa na kashata, wakicheka. Alikaa karibu saa nzima. Aliporudi funguo zilikuwa bado mkononi mwake.

"Kanipa vikombe vitatu vya kahawa," alisema, "na funguo hataki. Anasema mambo ya siku hizi yana sheria zake, asije akamharibia mtoto kazi."

Hapo ilikuwa Oktoba, na nikaanza kuhesabu wiki, kwa sababu baba alitangaza mezani nyumbani kwamba kama funguo hazina pa kukaa, yeye Moshi haendi. Mama akasema wako majirani wengine. Baba akamtazama kama amependekeza tuhamie dini nyingine. Akampigia simu bibi, akamwambia mwaka huu huenda kukawa na kazi nyingi dukani. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikasikia sauti ya bibi ikiuliza, "Kazi gani Krismasi?" na baba akajifanya mtandao unakatakata.

Mimi nina tabia moja mbaya: nikikosea kwa mashine nataka kurekebisha kwa mashine. Nilikuwa nimewahi kusoma kuhusu njia ya kuigawa siri vipande vitano, kwa hesabu, kiasi kwamba kipande kimoja hakikuambii chochote, viwili hakuna, lakini ukikutanisha vitatu vyovyote siri nzima inarudi. Programu ya kufanya hivyo haikuwemo kwenye mkusanyo wetu. Nikaileta. Sijawahi kufanya kifurushi kwa bidii kama kile. Mwandishi wa programu hiyo alikuwa ameiacha miaka mingi bila kuigusa, majaribio yake yalikuwa yanaanguka moja baada ya jingine, nikayasimamisha yote huku nikihesabu hotpoti na kuandika risiti. Yule mama wa nchi ya baridi alikikagua mara nne. Mwishowe alikipitisha, na akakubali kwamba nakala ya ufunguo wangu mpya nikiigawa hivyo, nipeleke kila kipande kwa mtu ninayemwamini. Nikapewa ruhusa ya kutia sahihi. Mama alipata kipande kimoja, mchungaji wetu kimoja, mashangazi wawili wa Moshi nao nikawachapia vya kwao. Cha tano nilikichapa kwenye karatasi nzuri, ile ngumu ya vyeti, nikavuka nacho barabara kwa furaha.

Nikamweleza Ami habari yote, vipande vitano, vitatu vikikutana. Safari hii alielewa upesi, mtu wa kupima vitambaa hesabu hazimsumbui.

"Kwa hiyo hiki changu peke yake hakifungui kitu."

"Hakifungui, Ami. Ndiyo uzuri wake. Hata mwizi akikichukua hapati kitu."

"Na mlango wenu, unafunguliwa kwa vipande?"

"Mlango? Hapana, mlango ni zile funguo za kawaida."

"Basi umeniletea karatasi," alisema. Akanishukuru vizuri kabisa, akaiweka mezani, akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake.

Nilirudi dukani nikakaa nyuma ya masufuria makubwa, nikalia. Sikulia kwa sababu ya karatasi. Nililia kwa sababu niliona sasa kwamba nilikuwa nimemletea kitu cha kuniridhisha mimi.

Novemba ikaingia, ikazeeka. Wachaga wenzetu wa mtaa wakaanza kuulizana wanasafiri tarehe ngapi, na baba akawa anajibu kwamba anaangalia. Tulikuwa bado tunasalimiana na Ami kila asubuhi, shikamoo, marahaba, mama hajambo, hajambo. Salamu zilikuwa kamili, hazina hata neno lililopungua. Hilo ndilo lililokuwa likiniumiza. Zamani alikuwa akinitania.

Jumanne moja, kama saa nne hivi, nikamwona anavuka barabara kuja kwetu. Alivuka polepole akiwa ameinua mkono kuzisimamisha bajaji, macho yalikuwa yameharibika zaidi. Baba alikuwa mbele na mteja. Akamwacha mteja, akanyoosha mkono kumpokea. Ami akamsalimu, akampita, akaja mpaka kaunta nilipokuwa, akaweka mbele yangu mafungu mawili ya funguo.

"Kesho naingia hospitali, pale Upanga, kutolewa mtoto wa jicho," alisema. "Mke wangu atakuwa nami huko, na wanangu unajua wako mbali. Hizi ni za mlango wa mbele. Huu wa stoo, ukiuzungusha usiulazimishe, una kiburi. Huu mdogo ni wa kabati la ndani, usilifungue mpaka aje mteja wa mashuka ya harusi."

Nikazitazama. Mwaka baada ya mwaka funguo hizo alikuwa akimpa baba, mkononi, na baba alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale.

"Ami, unanipa mimi?"

"Kwani nimekosea duka?"

"Baada ya yote yale?"

"Mimi sina masharti, mwanangu. Ukichelewa kufungua, basi umechelewa."

Mteja wa baba alikuwa anauliza bei ya kitu na hakuna aliyekuwa akimjibu. Nikatafuta la kusema, na mdomoni yakaja yaleyale, ufunguo, sahihi, wezi wa mbali. Nikayameza. Miezi miwili nilikuwa nimempelekea maelezo, na baada ya maelezo nikampelekea hesabu, na neno moja dogo ambalo hata mtoto wa miaka mitatu analijua sikuwa nimempelekea.

"Nisamehe, Ami."

Aliinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Kisha akanyoosha kiganja juu ya kaunta.

"Lete za baba yako. Mimi Ijumaa nimeshatoka."

Nikazitoa kwenye droo zote tatu na kamba yake, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akazitia mfukoni mwa kanzu, akamgeukia baba, ambaye alikuwa ameshika sufuria kifuani na hajui aiweke wapi.

"Nenda kakate tiketi, jirani," alimwambia. "Desemba mabasi yanajaa."